Kocha Huchagua, Mabeki Huruhusu

Kila TP Mazembe ya Lubumbashi inapokosa goli, na kila Leopards, timu ya taifa ya Kongo, wanapotoka sare, ubishi wa mashabiki wa Tenke, Fungurume na Kolwezi, huku Lualaba, huwa ule ule. Hawa wanasema kocha ni mwoga: ana viungo wanaojua mpira, lakini timu inabutua tu. Wale wanasema kocha anajifanya yuko Ulaya: anamlazimisha kipa aanze kwa pasi fupi mpaka timu ifungwe goli la aibu. Wiki inayofuata matokeo yakibadilika, pande hizo mbili hubadilishana maneno bila hata kuona haya.

Mvurugano huo una sababu yake. Tunalihukumu shambulizi pale linapoishia, kwa mshambuliaji aliyekosa au winga aliyepotea, ilhali mara nyingi lilishaamuliwa mbali sana nyuma, beki wa kati alipopokea mpira kutoka kwa kipa wake. Basi swali la kujadili ni hili: mtindo wa kushambulia ni uamuzi wa kocha, au ni kile ambacho mabeki wake wanamruhusu kuamua?

## Sheria mbili zilizompa beki kazi mpya

Zamani beki wa kati alikuwa na kazi moja, kuondoa hatari. Akibanwa anamrudishia kipa, kipa anadaka, mambo yanatulia. Mwaka 1992 sheria ikamkataza kipa kudaka mpira aliopasiwa kwa mguu na mwenzake. Tangu hapo kipa na mabeki wakalazimika kujua mpira kama wachezaji wengine.

Mwaka 2019 yakaja mabadiliko ya pili. Goli kiki haikuhitaji tena kutoka nje ya eneo la penalti ndipo mwenzake kipa auguse mpira. Beki anaupokea ndani kabisa, hatua chache kutoka golini kwake, na wapinzani wanasubiri nje mpaka upigwe. Ndiyo picha inayowafanya mashabiki washike vichwa: mabeki wawili wa kati wametanuka pande mbili za goli, kipa katikati, na wapinzani watatu wamesimama ukingoni wakiwatazama.

Hakuna kocha anayefanya hivyo kwa urembo. Wapinzani watatu au wanne wakipanda kukaba huko, wanaacha uwanja mpana nyuma yao. Mabeki wakiwapita, timu inashambulia dhidi ya walinzi wachache. Wakishindwa, mpinzani ana mpira na kipa yuko peke yake. Faida ni kubwa na adhabu ni kubwa, na kinachoamua ipi itatokea ni miguu ya watu watatu au wanne.

## Sekunde mbili za beki wa kushoto

Tuitazame kwa karibu. Kipa anampa mpira beki wa kati wa upande wa kushoto. Mshambuliaji wa upinzani anamjia kwa kasi, ila haji kwa njia iliyonyooka. Anakuja akipinda, akiziba njia ya kurudi kwa kipa na ile ya kwenda kwa beki mwenzake. Beki ana kama sekunde mbili.

Akiwa ni wa mguu wa kushoto, mguso wa kwanza unaugeuza mwili wake kuelekea uwanjani. Anamwona beki wa pembeni, anamwona kiungo mkabaji, anamwona hata winga aliyeanza kukimbia. Ana njia tatu. Akiwa ni wa mguu wa kulia, mguso huo huo unamgeuza ndani, kule kule anakotokea mkabaji. Ili ampe beki wa pembeni lazima apige kwa ubavu wa nje wa kiatu, au asimame kwanza aupange mpira. Pasi inafika imechelewa, anayeipokea ameelekea mstari wa pembeni na tayari ana mtu mgongoni. Upande wote wa kushoto umefungwa. Winga tunayesema "leo hakuonekana" amekaa dakika ishirini bila mpira kwa sababu ya mguu wa mtu aliyeko mita hamsini nyuma yake.

Kuna pia kasi. Beki mzito wa kugeuka huogopa nafasi iliyo mgongoni kwake, kwa hiyo hurudi nyuma, na ana haki ya kurudi. Lakini akirudi mita kumi, viungo nao lazima warudi, la sivyo pengo linafunguka katikati. Mshambuliaji anabaki mbele peke yake. Kocha aliyepanga kukaba juu sasa ana timu ndefu isiyoweza kukaba popote. Kilichobaki mkononi mwake ni mpira mrefu au shambulizi la kushtukiza, atake asitake.

Na kuna kipa. Anayeweza kumpata beki wa pembeni kwa mpira wa mita arobaini huwafanya wapinzani wasite kupanda. Asiyeweza, wapinzani humwacha ashike mpira anavyopenda, wakawakaba wengine wote mtu kwa mtu. Atabutua tu, hana la kufanya.

## Wamarekani wasiobishana juu ya hili

Katika mpira wa Marekani, ule wa mikono na kofia ngumu, jambo hili halina ubishi. Mbele ya mrushaji husimama watu watano wazito ambao, ukimwondoa wa katikati anayeuanzisha mpira, karibu hawaugusi kabisa. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji. Kabla ya kila jaribio benchi hutaja mpango utakaochezwa, na mpango wa mpira mrefu una maana tu kama watano hao wataweza kusimama imara muda wa kutosha.

Tarehe 7 Februari 2021, Kansas City Chiefs waliingia fainali ya Super Bowl wakiwa na Patrick Mahomes, mmoja wa warushaji hatari kuliko wote wa kizazi hiki, lakini bila walinzi wake wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, waliokuwa majeruhi. Tampa Bay walishinda 31-9 na Chiefs hawakupata touchdown, lile goli kubwa la mchezo huo, hata moja. Mipango ya mipira mirefu ilikuwepo. Muda wa kuitekeleza haukuwepo. Klabu ikaisuka upya safu ile, na Februari 2023 ikatwaa taji, kocha na mrushaji wakiwa wale wale.

Tofauti na kwetu ni moja, nayo huifanya hoja iwe kali zaidi. Kule mchezo husimama kila baada ya jaribio na benchi huchagua upya. Kwetu kocha husema kabla ya mechi na mapumziko, basi. Yanayobaki ni kelele za pembeni zisizosikika. Kwa hiyo anayetaja mpango, mara mia kwa mechi, ni beki mwenyewe mwenye mpira mguuni.

## Hoja ya kwanza: falsafa ya kocha kwanza

Wanaoshikilia hoja hii wanasema beki hufundishika. Kupokea mpira ukiwa umefungua mwili, kutazama kabla mpira haujafika, kucheza kwa miguu yote miwili, yote ni mazoea, na mazoea huja kwa kurudiarudia. Timu inayobadilisha mtindo kila ikipata mpinzani mpya haijifunzi lolote. Bora kufungwa mara chache mwanzoni ili baadaye uwe na njia nyingi za kushambulia.

Ushahidi wao wa karibu uko Dar es Salaam, na una damu ya Kongo. Yanga ya kocha Nasreddine Nabi ilimaliza ligi ya Tanzania ya msimu wa 2021/22 bila kupoteza mechi, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa taji mbele ya USM Alger kwa kanuni ya goli la ugenini. Watu hukumbuka magoli ya Fiston Mayele. Wachache hukumbuka waliokuwa nyuma yake: kipa Djigui Diarra wa Mali, mwenye miguu ambayo viungo wengi wangeitamani, na Wakongomani Djuma Shaban, Yannick Bangala na Joyce Lomalisa. Bangala alikuwa mtu wa kucheza beki wa kati au kiungo mkabaji bila timu kubadilika sura. Katika hatua ya makundi mwaka ule Yanga iliifunga Mazembe 3-1 Dar es Salaam, ikaja Lubumbashi ikashinda tena 1-0. Wenyeji walifungwa kwao na timu iliyojengwa nyuma kwa wachezaji wa nchi yao wenyewe. Jambo hilo lilistahili kujadiliwa zaidi kuliko lilivyojadiliwa.

Lakini mfano huo huo unaonyesha udhaifu wa hoja. Yanga haikuwafundisha watu hao kuanzia mwanzo. Iliwasajili wakiwa wameiva. Falsafa ilitangulia, ndiyo, ila ilifuatwa na hundi. Kocha asiye na hundi anabaki na njia ya kufundisha, na njia hiyo hula miezi na pointi. Klabu zetu hazina subira ya miezi. Kocha anayepoteza mechi tatu kwa makosa ya kuanzia nyuma hufukuzwa kabla mabeki hawajaelewa somo, na anayekuja huanza na somo lingine.

## Hoja ya pili: cheza na ulicho nacho

Kwa hawa, kocha mwerevu huwatazama mabeki wake kwanza, kisha ndipo anachagua namna ya kushambulia. Na hapa Katanga ina ushahidi mzito kuliko wowote.

Desemba 2010 Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu bila Trésor Mputu, mchezeshaji wake mkuu, aliyekuwa amefungiwa na FIFA kwa kumshambulia mwamuzi. Kocha Lamine N'Diaye hakujifanya kwamba pengo halipo. Timu ilikaa imara nyuma, Robert Kidiaba akaokoa mipira ambayo Wabrazil walishaanza kuishangilia, na mashambulizi yakawa machache na ya kasi. Tarehe 14 Internacional, mabingwa wa Amerika ya Kusini, wakafungwa 2-0 kwa magoli ya Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Klabu ya Afrika ikaingia fainali kwa mara ya kwanza.

Ushahidi wa pili ni Leopards wa Sébastien Desabre katika AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Mechi saba: sare tano, ushindi mmoja ndani ya muda wa mchezo, kipigo kimoja. Walifunga sita, wakafungwa tano, wakafika nusu fainali. Misri ilitolewa kwa penalti 8-7, na ya mwisho aliifunga kipa Lionel Mpasi. Ushindi wenyewe wa 3-1 dhidi ya Guinea ndio unaosema zaidi: Chancel Mbemba, beki wa kati, alifunga la kusawazisha, Yoane Wissa alifunga kwa penalti, Arthur Masuaku, beki wa kushoto, kwa mpira wa adhabu. Hakuna hata goli moja kati ya hayo lililotokana na pasi ishirini. Kocha alijua safu yake inaweza kuhimili, na kwamba mpira uliosimama ndio fursa yake. Akaipanga timu hivyo.

Udhaifu wa njia hii hauonekani mpaka ufungwe wewe kwanza. Siku nne baada ya kuifunga Internacional, Mazembe ilikutana na Inter Milan katika fainali. Pandev alifunga dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17. Timu iliyojengwa kwa kusubiri ikalazimika kufukuza, na mabeki waliozoea kuzuia wakatakiwa wawe chanzo cha mashambulizi. Ikaisha 3-0. Miaka zaidi ya kumi na mitatu baadaye, Aprili 2024, N'Diaye huyo huyo akiwa tena benchi la Mazembe, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Al Ahly ilikuwa 0-0 Lubumbashi na 3-0 Cairo. Dakika 180 bila goli. Na goli la kwanza la Cairo lilifungwa na beki wa kati, Mohamed Abdelmoneim. Safu inayojua kuzuia tu hukupa nafasi ya kutopoteza; ikifika wakati wa kutafuta goli kwa lazima, haina cha kukupa.

## Hoja ya tatu: uwanja na mfuko

Hoja hii husemwa kwa sauti ndogo, labda kwa sababu haina mtu wa kumlaumu. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, mjini Lubumbashi, una nyasi za bandia. Mpira unateleza sawasawa, na beki anaweza kupiga pasi ya ardhini ya mita ishirini akijua itafika. Viwanja vingi vya Tenke na Fungurume, na vya mitaa ya Kolwezi, ni ardhi nyekundu. Kiangazi ni vumbi na mashimo, mpira unaruka goti hadi kifua. Kuanzia Novemba mvua ikianza, pasi inakwama kwenye tope katikati ya safari. Kumwambia beki wa hapo aanze mashambulizi kwa pasi fupi ni kumtuma afungishe.

Athari kubwa zaidi huja miaka kadhaa baadaye. Kijana aliyekulia kwenye vumbi hujifunza kuruka juu, kupiga mbali na kuusoma mdundo usiotabirika. Ni ujuzi wa kweli. Lakini ule mguso wa kwanza unaofungua mwili hakuupata, kwa sababu kwenye uwanja wake ulikuwa kosa. Akipanda daraja akafika kwenye nyasi za bandia, tunamwona "hana ufundi". Na klabu ndogo ya Lualaba ikimpata beki mmoja mwenye utulivu, hakai; anachukuliwa na Lubumbashi au Kinshasa, na akiendelea kung'aa anavuka mpaka. Henock Inonga alitoka DC Motema Pembe akaenda Simba mwaka 2021, kisha FAR Rabat ya Morocco. Kila anapoondoka beki wa namna hiyo, kocha aliyebaki anapoteza njia nzima ya kucheza, siyo mtu mmoja tu.

Hata hivyo hoja hii ikizidishwa inakuwa kisingizio. Uwanja mbovu ni mbovu kwa timu zote mbili, na bado kuna inayoshinda.

## Tukizipima

Kama maelezo ya kinachotokea Jumapili hii, hoja ya pili ina nguvu kuliko zote. Hakuna kocha anayeweza kuchagua shambulizi ambalo mabeki wake hawawezi kulianzisha; anaweza kulitamani tu. Hoja ya kwanza ina nguvu kama mpango wa miaka, na ina nguvu mara mbili mahali penye fedha. Ya tatu inaeleza kwa nini timu zetu nyingi hujikuta kwenye hoja ya pili hata pale makocha wao wanapoiamini ya kwanza.

Wanaokosea zaidi ni wale wanaosoma mechi moja kama ushahidi. Septemba 2025 mjini Kinshasa, katika kufuzu Kombe la Dunia, Leopards waliongoza 2-0 dhidi ya Senegal kabla ya mapumziko, wakafungwa 3-2. Watu wakasema safu ya nyuma haifai. Miezi miwili baadaye, Rabat, Mbemba akaifunga Cameroon dakika za nyongeza, kisha Nigeria ikatolewa kwa penalti baada ya 1-1, na Mbemba ndiye aliyepiga ya mwisho. Watu wale wale wakasema safu ya nyuma ni chuma. Katika miezi miwili hiyo safu haikugeuka chuma. Kilichobadilika kwa kweli kilianza mapema zaidi na kwa polepole: kuja kwa Axel Tuanzebe mwaka 2024 na Aaron Wan-Bissaka mwaka 2025, mabeki waliolelewa kwenye ligi ya Uingereza, wenye kasi ya kulinda nafasi iliyo mgongoni. Mabeki wa aina hiyo humruhusu Desabre kuipandisha timu juu akitaka na kuirudisha akitaka. Tuwahukumu makocha kwa njia walizo nazo, na tuwe wakali zaidi kwa yule mwenye njia nne anayetumia moja kuliko yule mwenye moja anayeitumia vizuri.

Swali gumu linabaki kwa kocha wa daraja la chini, mwenye mabeki wawili wa mguu wa kulia, kipa wa kawaida na uwanja wa vumbi. Kuiga Yanga ya Nabi hawezi. Kubutua dakika tisini nako kunamchosha mshambuliaji wake na kumrudishia mpinzani mpira kila baada ya sekunde kumi. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi ya kufanya kazi. Kiungo mkabaji anaweza kushuka kati ya mabeki wawili, wawe watatu dhidi ya wakabaji wawili, angalau uwanja unapokuwa mkavu. Mpira mrefu wa kipa unaweza kulengwa pembeni, kwa winga mrefu aliye karibu na mstari, badala ya katikati, na viungo wawili wakawekwa mapema mahali utakapoangukia. Mpira wa pili ndio utakaoanzisha shambulizi. Kona na faulo zinaweza kupewa nusu saa ya mazoezi kila siku badala ya dakika tano za mwisho, kama Leopards walivyoonyesha kwamba hulipa.

Na kwenye timu za vijana wa miaka kumi na minne, inatosha kuacha mazoea ya kumweka nyuma mtoto mkubwa kuliko wote kwa sababu tu ni mkubwa. Wawekwe huko wawili wanaojua mpira, mmoja awe wa mguu wa kushoto, na wafungwe magoli ya aibu wakiwa bado wadogo, wakati hakuna pointi zinazopotea.